Wafalme Waliokwenda Utawani

Msomaji wa pwani aliyelelewa katika visa vya Ibrahim bin Adham, yule anayesimuliwa kuwa aliiacha milki ya Balkh na kasri yake akaenda kula jasho la mikono yake na kumdhukuru Mola wake, hataona ugeni mkubwa akiambiwa kwamba katika tarehe ya Ukristo pia ilikuwapo desturi, nayo ilidumu zaidi ya miaka elfu moja, ya watawala kushuka katika viti vyao vya enzi hali wangali hai, wakaenda kukaa karibu na watawa, ili siku zao zilizosalia ziwe siku za ibada. Desturi hiyo imesifiwa sana, na aghalabu imesifiwa bila ya kuchunguzwa, kana kwamba kuvua taji na kumcha Mungu ni jambo moja. Kuvua taji ni kazi ya asubuhi moja, mbele ya mashahidi na machozi. Lililo gumu ni miaka inayofuata, mtu aliyezoea kuamuru anapoamriwa, na mamlaka aliyoyaacha yanapokuja kubisha hodi mlangoni pake.

Asili ya mambo haya haikuwa katika majumba ya wafalme bali katika jangwa la Misri. Kaisari Konstantino alipolipa Kanisa amani mwaka 313, na uaskofu ukaanza kuwa cheo cha kutamaniwa na watu wa jaha, walikuwapo waumini walioona kwamba njia imekuwa pana mno kwao. Antonio alikuwa amekwisha tangulia jangwani. Sasa waliomfuata wakawa maelfu, wakikaa mapangoni na katika vibanda vya udongo, wakisuka mikeka na vikapu kwa ajili ya chakula chao, na mikono ikisuka midomo nayo haikuacha zaburi. Mmoja wao alikuwa Arseni, mwalimu wa watoto wa Kaisari Theodosi, aliyetoka katika jumba la Konstantinopoli mwishoni mwa karne ya 4 akaenda Sketi, bonde ambalo leo huitwa Wadi Natrun. Watawa wa huko wamesimulia kwamba jumamosi jioni alilipa jua kisogo, akainua mikono kusali, wala hakuishusha mpaka jua la jumapili limpige usoni. Wamesimulia pia kwamba siku moja alifikiwa na mjumbe wa serikali mwenye wasia wa jamaa yake, mtu wa baraza la Roma, aliyemwachia urithi mkubwa mno. Arseni akataka kuirarua hati ile. Mjumbe akamwangukia miguuni, maana kwa kosa hilo yeye angekatwa kichwa. Ndipo Arseni akairudisha, akamweleza kwamba yeye mwenyewe alikufa zamani, kabla ya huyo jamaa aliyekufa juzi, basi hakuna wa kurithi. Kila mfalme aliyekuja nyuma yake napenda kumpima kwa mizani hiyo: je, alikuwa amekufa, au alikuwa amehama nyumba tu?

Wapo wasiohitaji kupimwa, kwa kuwa hawakwenda bali walipelekwa. Mwaka 680 Wamba, mfalme wa Wavisigothi katika Hispania, alizimia ghafula jumba zima likaamini kwamba anakata roho. Wakamfanyia ibada ya toba ya wenye kufa, wakamnyoa na kumvika joho la mtawa. Naye alipozindukana usiku ule alijikuta si mfalme tena, kwa sababu sheria ya Kanisa haikumruhusu aliyekwisha kupokea toba ile kurudi katika shughuli za dunia. Aliyepata kiti chake, Erwig, alitajwa na wanatarehe wa baadaye kuwa ndiye aliyemnywesha kitu. Wamba akaingia katika nyumba ya watawa ya Pampliega, akamalizia huko miaka yake. Mwaka 751 Childeric III, wa mwisho katika wafalme wa Kifaranki wenye nywele ndefu, alinyolewa kwa amri ya Pippin na kufungiwa utawani, na nywele zile, zilizokuwa ndiyo alama ya ufalme wa ukoo wake, ndizo zilizokuwa hukumu yenyewe. Wembe wa utawa, katika mikono ya wajanja, ulifanya kazi ya upanga bila ya kumwaga damu.

Ndiyo maana namheshimu zaidi Carloman, ndugu yake huyo Pippin, ambaye hakushikwa mkono na mtu. Alikuwa akitawala sehemu ya mashariki ya nchi ya Wafaranki. Mwaka 747 akaacha yote akaenda Roma, akawa mtawa, akajenga makao yake juu ya mlima Soracte. Lakini mlima ule ulikuwa karibu na njia ya mahujaji, na kila mkuu wa Kifaranki aliyekwenda kuzuru makaburi ya Mitume aliona ni adabu kupanda kumwamkia bwana wake wa zamani, hata utawa wake ukageuka kuwa baraza. Akakimbilia Monte Cassino, nyumba aliyoiasisi Mtakatifu Benedikto, yaani chimbuko la kanuni ile ile ambayo watawa wa Kijerumani waliileta Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906.

Regino wa Prüm, aliyeandika yapata miaka 150 baadaye, anasimulia kwamba Carloman alibisha huko pamoja na mwenzake mmoja bila ya kujitambulisha ila kwa kusema kwamba ni mtu mwenye dhambi kutoka nchi ya Wafaranki, akawekwa jikoni. Kazi ya jikoni hakuijua, maana angeijulia wapi? Mpishi akampiga kofi kwa uzembe wake, naye akajibu kwa kumwombea msamaha. Akapigwa mara ya pili, akajibu vile vile. Mara ya tatu yule mwenzake, ambaye hakuwa amekufa kwa dunia kiasi cha bwana wake, alitwaa mchi uliokuwa ukitumika kupondea mkate wa kutia katika mboga, akamshushia mpishi kwa nguvu zake zote. Kesi ikapelekwa kwa abati, na siri ya mtawala huyo ikatoka. Huenda kisa hiki kimetiwa chumvi. Walakini aliyekitunga alielewa kwamba utawa wa mfalme hupimwa jikoni kabla ya kupimwa kanisani. Na mwisho wa Carloman si wa kisa: mwaka 754 mfalme wa Walombardi alishurutisha atumwe Ufaranki kupinga shauri la Papa mbele ya Pippin, akazuiwa huko, asirudi tena Monte Cassino, akafa Vienne katika mwaka ule ule au uliofuata. Miaka saba ya ukimya ilifutwa na safari moja ya siasa ambayo hakuitafuta.

Wakati mwingine mtoto ndiye aliyemwonyesha baba njia. Rastko, kitinda mimba wa Stefan Nemanja, mtawala wa Waserbia, alikuwa kijana aliyekwisha kupewa jimbo la kutawala alipotoroka katika miaka ya mwanzo ya 1190 kwenda Mlima Athos akifuatana na mtawa wa Kirusi. Baba akatuma askari. Wasifu wake unaeleza kwamba aliwalevya usingizi kwa karamu na sala ndefu za usiku, na walipoamka wakamkuta juu ya mnara amekwisha kunyolewa. Akawatupia nywele zake na mavazi yake ya kiungwana wampelekee mzee wake. Akaitwa Sava. Mwaka 1196 mzee mwenyewe akaita mkutano, akamwachia utawala mwanawe wa pili, akawa mtawa Simeoni, na mkewe Ana siku ile ile akawa mtawa wa kike. Mwaka uliofuata akamfuata mwanawe Athos, na pamoja wakaifufua nyumba ya Hilandar iliyokuwa magofu, ambayo mpaka leo ni ya Waserbia. Sava ameandika mwenyewe jinsi baba yake alivyoagiza, katika saa zake za mwisho, alazwe chini juu ya mkeka na kuwekewa jiwe kichwani badala ya mto. Lakini haifai tunyamaze juu ya upande wa pili. Nemanja alimruka Vukan, mwanawe mkubwa, na alipokwisha kufa ndugu wale wawili wakapigania nchi kwa msaada wa majeshi ya kigeni, hata ikambidi Sava, yapata mwaka 1207, ayachukue mabaki ya baba yake kutoka Athos kuyarudisha Studenica, ili watoto wapatane mbele ya jeneza. Mtu akiacha mamlaka, mamlaka hayaondoki duniani. Humwangukia mwingine, na pengine humwangukia vibaya.

Hakuna aliyeyaona haya kwa uchungu zaidi ya Pietro da Morrone. Papa Nikola IV alipofariki tarehe 4 Aprili 1292, makadinali, wasiozidi 12, waligawanyika baina ya koo za Orsini na Colonna, wakazozana zaidi ya miaka miwili bila ya kumpata Papa. Pietro alikuwa mkaa pweke wa miaka 80 na kitu aliyeishi mapangoni katika milima ya Abruzzi, maarufu kwa kufunga kwake, na aliyezungukwa na wanafunzi wengi waliofuata kanuni ya Benedikto. Habari zikawafikia makadinali kwamba mzee huyo ameonya juu ya ghadhabu ya Mungu ikiwa Kanisa litaendelea kukaa bila ya mchungaji. Naye mkubwa wao, Latino Malabranca, akapaza sauti kwamba anamchagua mzee huyo huyo. Wengine, kwa uchovu au kwa hofu au kwa vyote viwili, wakakubali tarehe 5 Julai 1294. Wajumbe waliopanda mlima kumpelekea habari walimkuta nyuma ya kidirisha chenye vyuma, ndevu zimemvurugika, macho yamemvimba kwa kulia na uso umekonda kwa saumu. Akaingia mji wa L'Aquila juu ya punda, na hatamu zimeshikwa na Karoli II mfalme wa Napoli na mwanawe. Watu walitokwa na machozi kwa unyenyekevu ule. Mimi naona ni mikono ya nani iliyoshika hatamu.

Akatawazwa tarehe 29 Agosti, akajiita Selestino V. Mfalme akampeleka kukaa Napoli, si Roma, na katika makadinali 12 aliowachagua wengi walikuwa ni watu wa kumpendeza mfalme. Husemwa kwamba cheo kimoja cha Kanisa alikitoa kwa watu wawili au watatu, kwa kuwa kila aliyekuja kumwomba alimwona ni ndugu mwenye haja, na kwamba karatasi tupu zilitiwa muhuri wake ili wengine wajaze wapendavyo. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka 60 hakujifunza kumshuku mtu, na amewekwa katika nyumba ambayo kushuku ndiko kulikokuwa kazi ya asubuhi na jioni. Ndani ya ngome ya Castel Nuovo alijijengeshea chumba kidogo cha mbao mfano wa kile cha mlimani, akawa anajificha humo asali, ilhali Kanisa linamngoja nje. Alipoona kwamba ama ataiacha ibada ama ataliacha Kanisa liharibike, aliuliza wajuzi wa sheria kama Papa aweza kujiuzulu, na tarehe 13 Desemba 1294 akawasomea makadinali hati ya kuuacha upapa, akataja udhaifu wa mwili na uchache wa elimu na shauku ya kurudi katika amani yake ya kwanza. Akavua pete na kofia ya uaskofu na joho la upapa, akaketi sakafuni.

Siku 11 baadaye akachaguliwa Benedetto Caetani, aliyekuwa miongoni mwa wajuzi hao wa sheria, akaitwa Bonifasi VIII. Papa mpya hakuthubutu kumwacha Papa wa kale aende zake, asije akatokea mtu akamfanya bendera ya fitina. Mzee naye akatoroka, akajificha misituni na mapangoni, akajaribu kuvuka bahari kwenda Uyunani, tufani ikamrudisha pwani ya Vieste, akakamatwa. Alifungiwa katika ngome ya Fumone, katika chumba chembamba, akafa humo tarehe 19 Mei 1296. Mwaka 1313 Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu. Wasomaji wengi wa Dante wamemtambua katika kivuli kisichotajwa jina ambacho mshairi yule alikiweka mlangoni mwa Jahanamu kwa kosa la woga. Petrarca, kwa upande wake, alimtetea kwa hamasa kubwa. Mimi niko upande wa Petrarca. Mwoga hutafuta mahali pa salama, na mzee yule alijua fika kwamba asiyekuwa tena na mamlaka, na aliyewahi kuwa nayo, hana pa salama. Tarehe 28 Aprili 2009, majuma matatu baada ya tetemeko lililoubomoa mji wa L'Aquila, Papa Benedikto XVI alilizuru jeneza lake akaweka juu yake utepe wa sufu aliovishwa siku ya kusimikwa kwake. Watu wakaona ni ishara ya heshima tu, mpaka mwaka 2013 yeye naye alipojiuzulu.

Baada ya mzee huyu, Kaisari Karoli V huonekana kama tajiri aliyehamia shambani. Ni kweli kwamba tarehe 25 Oktoba 1555, huko Brussels, ameegemea bega la kijana William wa Orange kwa maumivu ya jongo, aliwaliza watu wazima alipohesabu safari zake, zikiwamo mbili za Afrika, akamkabidhi mwanawe Filipo nchi za Uholanzi. Na Hispania ikafuata mwezi wa Januari. (Yule kijana wa bega ndiye atakayekuja kuongoza uasi dhidi ya mwana huyo.) Ni kweli pia kwamba mwaka 1557 aliingia Yuste, katika milima ya Hispania, mahali pa watawa wa Mtakatifu Jeromu. Lakini hakuwa mtawa. Alijengewa nyumba iliyoshikamana na kanisa, yenye dirisha la kutokea chumbani mwake hata altareni, apate kufuata Misa akiwa kitandani. Alikuwa na watumishi wapatao 50, mtengeneza saa wake Juanelo Turriano, mpika bia wake, na samaki wa chumvi waliokuwa wakisafirishwa mpaka mlimani kwa ajili ya meza ambayo matabibu waliilaani kila siku. Wajumbe wa barua walipanda na kushuka. Na Waprotestanti walipogunduliwa Valladolid mwaka 1558, mzee huyu wa faragha alimwandikia binti yake Juana, aliyekuwa akishika nchi kwa niaba ya ndugu yake, akimhimiza awatendee kwa ukali mkubwa.

Sisemi kwamba ibada yake ilikuwa ya uongo. Alifuata sala za watawa kwa sikio kali, na husimuliwa kwamba akisikia mwimbaji amekosea sauti alimtukana kwa maneno ambayo si ya kanisani. Malaria, ugonjwa tunaoujua sisi kuliko yeye, ulimwua tarehe 21 Septemba 1558, na mkononi alikuwa na msalaba ule ule ambao mkewe Isabella aliushika alipokufa. Mtu aliyekufa hivyo siwezi kumtukana. Ila kwa mizani ya Arseni, barua yake kwa Juana inamwangusha, kwa kuwa wafu hawatoi maagizo juu ya wenye kuchomwa moto.

Nimemweka mwisho yule ambaye kwa tarehe angestahili kutangulia, kwa sababu yeye ni wetu zaidi. Kaleb alikuwa mfalme wa Aksum katika nusu ya kwanza ya karne ya 6. Mwaka 523 Yusuf Dhu Nuwas, mfalme wa Himyar aliyeshika dini ya Kiyahudi, aliwaua Wakristo wa Najran, tukio ambalo wafasiri wengi wa Kurani hulitaja wanapofika kwa watu wa mahandaki ya moto katika Sura ya al-Buruj. Cosmas, mfanya biashara wa Aleksandria, alikuwapo bandarini Adulis wakati Kaleb alipokuwa akijiandaa kuvuka Bahari ya Sham, na ameeleza jinsi mfalme alivyotaka apelekewe nakala ya maandishi ya kale ya Kiyunani yaliyokuwa pale. Mapokeo ya Ethiopia yaeleza kwamba kabla ya vita alipanda mlima kuomba baraka kwa Abba Pantalewon, mmoja wa Watakatifu Tisa, ambaye husemwa alisimama miaka 45 katika chumba kisichokuwa na nafasi ya kukaa wala kulala. Mwaka 525 Kaleb akavuka, akashinda, Dhu Nuwas akafa. Haikuchukua miaka mingi, yule aliyemweka kutawala Himyar akapinduliwa na Abraha, huyo huyo ambaye kila mtoto wa chuoni amesikia habari zake kwa ajili ya ndovu, na majeshi mawili aliyoyapeleka Kaleb hayakumweza.

Kisha, yasema mapokeo, Kaleb alivua taji lake akalipeleka Yerusalemu likatundikwa penye kaburi la Kristo, akapanda tena kwa Pantalewon, safari hii si kwa baraka ya vita bali kwa kukaa. Wapo wanazuoni wanaoshuku, wakisema kwamba mfalme aliyeshindwa ng'ambo ya bahari mara mbili huenda alikuwa na sababu nyingine za kuacha kiti. Shaka yao ni ya haki, wala haimpunguzii kitu: aliyeonja ushindi wote na kushindwa kote ndiye mwenye kujua thamani ya anachokiacha, na katika wote niliowataja yeye peke yake hatusikii kwamba mlango wake ulibishwa tena. Nyumba ya Abba Pantalewon ingalipo juu ya kilima chake nje ya Aksum, yenye watawa wake.

Kanisa la Roma lilimtia katika hesabu ya watakatifu wake kwa jina la Elesbaan, likamwekea sikukuu tarehe 27 Oktoba. Katika karne ya 18 Wakarmeli wa Ureno walidai kuwa alikuwa mtu wa shirika lao, dai la ajabu kwa shirika lililozaliwa zaidi ya miaka 600 baada yake, lakini kwa dai hilo sanamu zake zilifika Brazil. Huko Waafrika, watumwa na walioachwa huru, wengi wao wakiwa wametoka pwani ya Mina ya Afrika ya Magharibi, walifanya chama cha ibada chini ya jina lake. Katika sanamu hizo mfalme mweusi amevaa joho la mtawa, mkononi ameshika kanisa na mkuki, na chini ya mguu wake amelala mfalme mzungu, ndiye Dhu Nuwas wa wachongaji. Watu wale hawakuwa na taji la kuvua, nao walimpenda yule aliyekuwa nalo akalivua. Lakini mkuki hawakutaka auache. Kanisa walilolijenga Rio de Janeiro kwa jina lake na la Mtakatifu Ifijenia liko mpaka leo katika Rua da Alfândega.